Mama, Toka Kwenye Picha

Robanda,
11 Februari 1995

Dada Waisiko,

Shikamoo. Barua hii anakuletea mwalimu mmoja anayerudi huko Matongo. Usimwache aondoke bila uji, nimeshamwahidi.

Mimi mzima, mahindi yangu ndiyo yanayougua. Tembo waliingia Jumanne wakala walichotaka, wakakanyaga walichobakiza, wakaondoka zao taratibu kama wenye shamba. Watu wa hifadhi wakaja na daftari, wakaandika. Wanaandika sana wale.

Kazi ya picha inaendelea. Wiki iliyopita mgeni mmoja pale kambini alinionea huruma. Aliiona kamera yangu ya Zenit, ile ile niliyonunua kwa Shamsudin wa studio pale Mugumu mwaka themanini na moja, akaona lenzi yangu ndefu moja tu na stendi niliyochongesha kwa seremala, akadhani ni shida. Akataka kuniachia lenzi yake ya kuvuta na kusogeza. Nikamwambia ahsante, sitaki. Wapishi walinicheka mpaka jioni. Lakini wewe dada utanielewa. Mwenye lenzi ya kuvuta na kusogeza hatembei, anakaa kwenye gari anazungusha mkono. Mimi nikitaka kusogea nina miguu. Lenzi moja ndefu, kichujio kimoja cha njano cha kukoleza mawingu, filamu nyeusi na nyeupe, na panga la kufyeka nyasi mbele ya stendi. Basi. Rangi siitaki, mtu akishaona wekundu wa jua anasahau kuangalia ardhi.

Na nyumbu sipigi. Kila mtu anapiga nyumbu. Mimi napiga ardhi yenyewe, kama ilivyokuwa kabla hatujaja na makopo yetu na kamba zetu za nguo. Naondoa kitu kimoja kimoja, hiki nacho kitoke, kile nacho kitoke, na pakiwa hapana tena cha kuondoa ndipo nabonyeza. Naweza kusubiri siku mbili nzima moshi wa jiko la mtu upotee. Wageni wanaonunua kadi zangu wanasema hawajaona ardhi iliyotulia namna hiyo.

Kile kilima chetu ndicho kilichonitoa. Kiliingia kwenye kalenda ya wachapaji wa Mwanza ya mwaka tisini na moja, mwezi wa Agosti, na mpaka leo kalenda hiyo naiona kwenye kuta za maofisi. Siku moja nitawaletea nakala.

Mwezi wa tatu nitakuja kukipiga tena, kwa mara ya kumi na tano. Mwambie mama akae tayari na ndoo yake. Unakumbuka mwaka ule nilipopiga kelele kutoka kule mwambani, "Mama, toka kwenye picha!", akaenda nyuma ya nyumba, na mimi nikamaliza nikasahau kumwambia? Tulimkuta saa nzima baadaye, kasimama na maji yake kichwani.

Mdogo wako,
Mniko

*

Matongo,
5 Machi 1995

Mniko,

Marahaba. Mwalimu wako kanywa uji vikombe vitatu na kuomba chumvi. Siku nyingine mtume mwenye tumbo dogo.

Sasa nisikilize, acha mambo ya mawingu. Mwaka jana ulipokuja yalikuwepo maduara manne ya kuchimba dhahabu kule bondeni. Leo ukisimama mlangoni kwa mama huwezi kuyamaliza kwa macho. Watu wametoka Geita, wametoka Kahama, wengine wamevuka mpaka wa Sirari wanaongea Kiswahili chao kile cha "uko aje". Wamelala kwenye mtama wetu chini ya maturubai. Maji ya mto yamekuwa rangi ya chai ya maziwa, tunateka mbali.

Hao siwaogopi, wachimbaji ni watu, wanakuja na wanaondoka. Ninaoogopa ni wale wenye vigingi vyekundu. Kampuni imekuja. Wamepigilia kigingi kimoja kwenye zizi na kingine hatua sita kutoka kaburi la tata, baba yetu. Mthamini wao anasema kilima kizima kitachimbwa kwa mashine. Atakayepewa sehemu nyingine na kuhamishiwa kaburi lake kwa heshima ni yule tu aliyekuwepo kabla ya mwaka tisini na mbili. Wengine wote anawaita wa kutegesha, kwamba wamejenga juzi na kuchomeka migomba ili wahesabiwe. Na kweli wapo, nisikufiche. Yuko mmoja kapanda migomba mia kwa siku moja, mingine kichwa chini.

Lakini Mniko, sisi je? Alikuja kwa mama akatazama bati tulilopaua mwaka tisini na tatu, akaandika: nyumba mpya. Akatazama kaburi. Tata kalala pale tangu sabini na nane, ila simenti tumemwekea mwaka jana. Akaandika: jipya. Nikamwambia mama, umeona, hata tata kategesha. Mama hakucheka.

Basi juzi kwenye mkutano nikasimama mimi. Nikasema: mdogo wangu Mniko anakipiga kilima hiki kila mwaka tangu themanini na moja, na nyuma ya kila picha anaandika tarehe. Wanataka ushahidi? Upo Robanda ndani ya sanduku! Makofi yaliyopigwa pale, Mniko, ungekuwepo ungelia. Mzee Kisyeri alinishika mkono hakuuachia. Tuko kaya ishirini na tatu chini ya kilima hiki, na zote zinakungoja wewe.

Hujawahi kutuletea hata picha moja, sikulaumu, uliuza ule. Sasa zilete zote. Mthamini anarudi mwisho wa mwezi wa tano kusikiliza mara ya mwisho. Mama anasema sasa ameelewa kwa nini ulikuwa ukimsumbua na kamera yako.

Dada yako,
Waisiko

*

Robanda,
24 Machi 1995

Dada Waisiko,

Shikamoo, na shikamoo nyingi kwa mama.

Nimeipata barua yako. Mwezi huu sitaweza kuja, kambi ina wageni na meneja ni mkali. Hata kilima sitakipiga kwanza.

Kuhusu picha, subirini kidogo. Negetivu zangu zote ziko kwa Shamsudin Mugumu, kwenye kabati lake, na masika ya mwaka jana unyevu uliingia. Lazima zikaguliwe moja moja. Halafu dada, elewa kwamba picha zangu ni za sanaa. Nilikuwa natafuta mwanga na umbo la ardhi, sikuwa naorodhesha nyumba za watu. Mtu wa ofisini anaweza asizielewe.

Kwani wazee hawawezi kwenda Tarime kuapa mbele ya hakimu? Kiapo cha mzee kama Kisyeri kina uzito kuliko karatasi. Mimi ningewashauri waende, na waende mapema.

Nimenunua filamu mbili mpya. Stendi imelegea mguu mmoja, nimeifunga kwa mpira wa baiskeli.

Mdogo wako,
Mniko

*

Matongo,
20 Aprili 1995

Mniko,

Umefunga stendi kwa mpira wa baiskeli. Hongera. Kaya ishirini na tatu zinauliza picha, wewe unanipa habari za mguu wa stendi!

Barua yako imekaa Mugumu wiki tatu, nimeipata jana. Unashauri wazee wakaape. Hakimu alipokea viapo mpaka Alhamisi kabla ya Pasaka, kisha akafunga. Mzee Kisyeri alikuwa ameshavaa koti, anataka kwenda. Ni mimi, kwa mdomo wangu huu, niliyemwambia avue. Nilimwambia mzee, magoti yako yale, safari yote ile ya nini? Picha zinakuja, na picha haisahau wala haikohoi mbele ya hakimu. Akavua koti. Wengine wakamfuata. Hakuna hata mmoja aliyeapa, Mniko. Wote wamekuegemea wewe.

Watu wanakuja kwa mama asubuhi kumshukuru kwa kuzaa mpiga picha. Mama Simioni kaleta kuku. Mama amekataa kumchinja, anasema tutamla siku utakapofika na bahasha.

Mume wangu Nashoni anakuja kwako na barua hii. Mpe zote kumi na nne. Kama zimeota ukungu, zitoke na ukungu wake hivyo hivyo. Nyumba itaonekana tu.

Kuna kitu unanificha? Nimekulea mimi, ukinyamaza nakujua.

Waisiko

*

Robanda,
25 Aprili 1995

Dada,

Nashoni yuko hapa nje anakula. Sijaweza kumwambia kwa mdomo, ndiyo maana ninaandika. Nimempa bahasha. Usiifungue mbele ya watu.

Hakuna nyumba, dada. Picha kumi na nne na hakuna nyumba hata moja. Nimezipanga mezani zote na lenzi ya kukuzia, nimetafuta paa, nimetafuta uzio, nimetafuta hata uzi wa moshi. Hakuna. Nilikuwa fundi sana.

Nitakueleza nilivyofanya, uwaeleze wanaostahili. Ule mwamba ng'ambo ya mto niliuchagua kwa sababu ukisimama pale na lenzi ndefu, kile kichaka cha miiba kinaziba nyumba zote za chini upande wa kushoto, ya Kisyeri ikiwemo. Ukipiga magoti, nyasi zinaziba zizi letu. Ilibaki nyumba ya mama tu, kona yake. Mwaka themanini na tatu nilikata tawi nikamwomba Nashoni alishike mbele ya lenzi ili kona ifichike. Mwulize, anakumbuka, tulicheka sana. Miaka iliyofuata nikapanda kichaka kabisa, na kikakua pale pale nilipokitaka. Kaburi la tata liko nyuma ya kichaka hicho. Nilimfunika baba yangu kwa mkono wangu kwa sababu mawe yake yalinivurugia mstari wa kilima.

Na watu niliwafukuza. Unajua. Kila mwaka.

Barua yako ya mwezi wa tatu ilipofika nilijua siku ile ile. Nilishindwa kuandika. Uliniambia wamepiga makofi, na sijawahi kupigiwa makofi nyumbani. Nikajiambia labda iko moja nimeisahau. Nikakutajia viapo nikidhani utaelewa mwenyewe, badala ya kuandika mstari mmoja tu wa ukweli. Kama ningeuandika, Kisyeri angeenda na koti lake. Hilo silaumu posta.

Imebaki njia moja ndogo. Filamu huwa naiingiza kwenye kamera uani kwa mama, kisha nabonyeza mara mbili tatu ovyo, kamera ikitazama popote, ili kusogeza ile sehemu ya mwanzo iliyopigwa na mwanga. Sisi tunaiita kichwa cha filamu. Vichwa hivyo lazima viwe na nyumba ndani yake, na ng'ombe, na nyie. Lakini nilimwagiza Shamsudin avikate na kuvitupa, havina kazi. Kesho naenda Mugumu kumwuliza.

Nisamehe ukiweza. Kuku msimchinje.

Mniko

*

Studio ya Shamsudin,
Mugumu,
9 Mei 1995

Ndugu yangu Mniko,

Assalaam aleikum, najua si salamu yako lakini ni dua njema, ipokee.

Tangu ulipoondoka hapa na uso ule sijakaa. Tumemwaga kabati zima sakafuni, mimi na mke wangu Rahima. Kama nilivyokuambia, vichwa vyako nilivikata na kuvichoma pamoja na takataka za studio, maana ulisisitiza mwenyewe na mimi napenda kufuata anachotaka mwenye kazi. Nilikuwa nakusifia kwa wengine. Nawaambia, tazameni Mniko, hatoki na uchafu hata kidogo kwenye fremu.

Lakini mwaka themanini na sita niliugua homa ya matumbo, na filamu yako ya Machi aliisafisha Rahima. Yeye hakujua agizo lako. Alikunja yote na kichwa chake akaitia kwenye bahasha. Tumeipata jana, na Rahima kalia kwa furaha.

Usifurahi kupita kiasi. Kichwa kina fremu moja na nusu. Ile nzima ni udongo na kidole chako. Ile nusu, upande wa kushoto mwanga umeila yote, ni nyeupe. Upande wa kulia ipo kona ya nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, na mama mmoja mwenye ndoo, mgongo wake umetazama kamera, anakata kona kwenda nyuma. Ameinua mguu. Anakwenda kwa haraka kidogo, kama mtu aliyeambiwa jambo. Inafuata ile ya udongo, na baada yake, bila kukatwa, ni kilima chako.

Nimeichapa kwa ukubwa nilioweza. Naituma moja kwa moja kwa dada yako Matongo, na negetivu yake ndani ya bahasha ile ile ya zamani uliyoiandika tarehe kwa penseli. Kwa kazi hii usiniulize habari ya malipo, nitakasirika.

Wako,
Shamsudin

*

Matongo,
3 Juni 1995

Mniko,

Imekwisha. Nitakuandikia yote mara moja, nisirudie.

Walikaa shuleni, darasa la tano. Mthamini, karani wake, na bwana mmoja wa kampuni. Tulikwenda wote ishirini na watatu, na mama kavaa kitenge cha Pasaka. Bahasha yako sikuionyesha. Niliwaambia watu picha nyingi zimeharibika kwa unyevu. Nimesema uongo kanisani na sokoni kwa ajili yako, na sijui kama nilifanya kwa kukupenda au kwa aibu yangu mwenyewe.

Nikatoa ile ya Shamsudin. Mthamini aliitazama kwa heshima, nisimsingizie. Akageuza bahasha ya negetivu, akasoma tarehe. Akauliza nani kaandika. Nikasema mpiga picha. Ni nani? Ni mdogo wangu. Akasema mama, tarehe ya penseli, ya ndugu yako. Nikamwonyesha negetivu, nikamwambia fremu ya tatu ni kilima, tazama, zimeshikana. Akasema kilima kipo, sikatai, lakini mwaka je? Halafu hii nyumba ina nyasi, mmeniandikisha ya bati. Hii ni nyumba nyingine. Nikasema tuliezua tukapaua bati! Akasema kila mtu hapa ananiambia hivyo.

Ndipo yule wa kampuni akainuka, akaenda kwenye begi lake. Akatoa kalenda. Ilikuwa imefunguliwa mwezi wa Agosti. Imechapwa na wachapaji, ina mwaka tisini na moja kwa herufi kubwa, haina penseli. Akasema hiki ndicho kilima chenyewe au si chenyewe? Sote tukatazama. Ni chenyewe. Kila jiwe. Kilima chetu kizuri, Mniko, na mawingu yako juu yake, na chini hakuna mtu aliyewahi kuzaliwa. Akasoma jina lako pale pembeni kwa sauti.

Mzee Kisyeri aliomba asogezwe karibu, macho yake si mazuri. Akaikaribia kalenda mpaka pua ikagusa. Akaweka kidole kwenye kile kichaka cha miiba, akasema, mimi niko hapa nyuma. Hapa nyuma nina ng'ombe, nina wake wawili. Bwana yule akamwambia mzee, sioni. Kisyeri akasema tena, niko hapa nyuma. Karani akaandika jina la mwingine.

Wamemkubali mmoja tu, mwenye duka, ana leseni ya zamani. Sisi wengine ni wa kutegesha. Tumepewa mpaka mwisho wa Julai.

Watu hawanitukani. Wanapita hapa kwangu wakinisalimia kwa adabu, na hilo ndilo linaloniua. Mama Simioni hajaja kumdai kuku wake.

Mama ameichukua ile nusu picha. Alijitazama mgongo muda mrefu, akasema, nilikuwa na nguvu mwaka ule. Halafu akaniuliza kama angebaki palepale mlangoni, asiondoke, ingesaidia? Nilimwambia hapana mama, haingesaidia. Huo ni uongo wangu wa tatu.

Nilikuwa nimekuandikia ukurasa mwingine wa matusi. Nimeuchoma. Lakini neno moja lazima nikupe: ulikuwa na kilima chenye watu miaka kumi na nne, ukakidharau. Ngoja mwezi wa nane. Uje upige, hakuna atakayekuharibia.

Waisiko

*

Robanda,
12 Juni 1995

Dada yangu,

Sina la kujitetea, sijitetei.

Lenzi ndefu nimeiuza. Usiniambie imesaidia nini, najua haisaidii. Nimeazima kwa Shamsudin ile lenzi fupi anayopigia harusi, inayochukua ukumbi mzima. Nimejaribu hapa Robanda. Ni ajabu, dada. Ukiinua tu kamera kila kitu kinaingia: kuku, sufuria, mtoto anayelia, mguu wako mwenyewe. Nilikuwa naiita lenzi ya wavivu. Nimesimama uani kwa jirani nikapiga filamu nzima bila kumwambia mtu yeyote asogee. Sijui kupiga hivyo. Kila nikibonyeza naona nimekosea.

Nataka kuja. Nimeomba ruhusa, meneja ananipa kuanzia tarehe ishirini na tano Julai. Nitapiga nyumba zote ishirini na tatu, ndani na nje, mazizi, majiko, makaburi. Kila mtu atasimama mlangoni kwake na jina lake nitaliandika. Najua hakuna ofisi itakayozitaka. Mtakuwa nazo tu, mjue kwamba mlikuwepo. Kisyeri nitampiga akiwa mbele, si nyuma ya kitu chochote.

Na mama. Dada, nimepekua kila sanduku. Nina miaka kumi na nne ya mawingu na sina uso wa mama yangu. Mwambie asimame mlangoni. Mwambie avae kitenge kile. Mwambie asifanye kitu, asimame tu.

Mniko

*

Nyanungu,
28 Julai 1995

Mniko,

Barua yako ya mwezi wa sita imenifikia juzi, nikiwa tayari huku Nyanungu kwa mjomba. Ilipitia Matongo, haikukuta mtu, ikazunguka. Kama umekwenda Matongo tarehe ishirini na tano kama ulivyosema, basi umeshaona mwenyewe na sina haja ya kueleza. Kama hujaenda, usiende.

Hawakungoja mwisho wa mwezi. Mashine zilikuja Alhamisi ya tarehe ishirini. Sisi tulikuwa tumeshatoa mabati, walisukuma kuta tu. Ilichukua muda mfupi kuliko kupika ugali. Kichaka chako cha miiba nacho kilikwenda, na kilipokwenda nyumba zote zilionekana toka ule mwamba wako, zile zilizokuwa bado zimesimama. Nashoni alikuwa ng'ambo ya mto na ng'ombe, ndiye aliyeniambia. Alisema zilionekana vizuri kabisa.

Tata tulimtoa wenyewe siku mbili kabla. Hakuna aliyekuja kwa heshima. Nashoni na Simioni walichimba, mimi nikapokea. Tumemleta kwenye sanduku la sabuni, tumefunika na blanketi lake. Tumemzika nyuma ya boma la mjomba, kwa mawe tu. Simenti hatutaki tena.

Mzee Kisyeri kaenda kwa binti yake ng'ambo, Kenya. Wengine sijui. Tulikuwa kaya ishirini na tatu, sasa nikitaka kumsalimia mtu nifikirie kwanza yuko wilaya gani.

Kuku tumemla njiani.

Mimi hasira zimepungua, nimechoka tu. Wewe ni mdogo wangu, ukija utakula na utalala. Njoo. Njoo hata na hiyo lenzi ya harusi. Huku hakuna kilima cha maana, ni mashamba na ng'ombe, labda itakufaa.

Nimemsomea mama barua yako leo asubuhi, yote, mpaka pale uliposema asimame mlangoni na kitenge. Alisikiliza vizuri. Akaniuliza, anakuja na kamera? Nikasema ndiyo mama, anakuja kukupiga wewe, uso wako, anataka wewe tu. Akaitikia. Nikaingia jikoni kutazama maharage. Nilipotoka kigoda chake hakipo. Nimemkuta nyuma ya nyumba ya mjomba, kakaa kaelekea ukutani, kitenge kakivaa. Nikamwambia mama, hajafika bado, na akifika anataka akuone. Akasema sawa, lakini mwambie akimaliza aniite, asije akanisahau tena.

Mpaka sasa ninapoandika yuko huko huko. Nimempelekea chakula.

Dada yako,
Waisiko